Mchezo Unaoisha na Mchezo Usioisha

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura hukosi banda la gemu: chumba kimoja, runinga mbili tatu, mashine za PlayStation zilizopita mikono mingi, na benchi la watoto wanaosubiri zamu. Sheria za banda hazijaandikwa popote, lakini kila mtoto anazijua. Unalipia mechi. Filimbi ya mwisho ikilia, aliyefungwa anaachia padi na kumpisha mwenzake. Hela ikikwisha mfukoni unageuka mtazamaji na mshauri, kazi isiyo na malipo lakini yenye kelele nyingi.

Usiku, nyumba ya pili kutoka hapo, mtu mzima mwenye kazi na familia amelala chali akipangusa pipi za rangi kwenye simu. Hakuna anayemsubiri ampishe, wala hakuna filimbi. Ameshajiambia mara tatu kwamba hii ndiyo ya mwisho, na saa ya ukutani inakaribia saa nane.

Wote wawili twasema wanacheza gemu, na hapo ndipo mjadala wetu unapoharibika. Mzazi anauliza kama gemu ni nzuri au mbaya, mwalimu anajibu kuwa zinaua masomo, kijana anajibu kuwa zinachangamsha akili, na kila mmoja ana kitu chake kichwani. Ni sawa na kuuliza kama chakula ni kizuri au kibaya kabla ya kufunua sufuria. Makala haya yanapitia yale ambayo watafiti, mahakama na serikali wameyapima tangu hofu hii ianze, kisha yanapendekeza swali moja ambalo naona lina manufaa zaidi: je, mchezo huu unaisha?

Damu kwenye kioo

Hofu ya kwanza ilikuwa ya damu, na ina umri mkubwa kuliko wazazi wengi wa leo. Mwaka 1976 kampuni ya Kimarekani iitwayo Exidy ilitoa Death Race, mchezo wa kuendesha gari na kugonga viumbe vidogo. Kila kilichogongwa kilipiga yowe, na mahali pake pakachipuka msalaba wa kaburi. Michoro yenyewe ilikuwa kama vijiti vyeupe kwenye kioo cheusi, lakini magazeti yaliwaka. Desemba 1993 ikawa zamu ya Mortal Kombat, ambamo mshindi aweza kumng'oa mpinzani moyo. Seneti ya Marekani iliita kikao, na mwaka uliofuata watengenezaji wakaanzisha mfumo wa kuonyesha juu ya kila kasha umri unaofaa. Aprili 1999 wanafunzi wawili waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado. Ilipofahamika kwamba walikuwa wapenzi wa Doom, mchezo wa kufyatua risasi, wengi waliona mhalifu amepatikana.

Shutuma hiyo haikusimama ilipofika mbele ya ushahidi. Mwaka 2005 jimbo la California lilitunga sheria ya kupiga marufuku kuwauzia watoto michezo yenye ukatili. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta kwa kura saba dhidi ya mbili. Akiandika hukumu, Jaji Antonin Scalia alikumbusha kwamba hata ngano za watoto za Ulaya zimejaa mateso: wachawi huokwa kwenye tanuri na mabinti hulishwa sumu. Nasi tuliolelewa na hadithi za sungura na fisi hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Fisi wetu ameunguzwa, amepigwa na kudanganywa kwa vizazi na vizazi, na watoto walilala salama.

Watafiti wenyewe waligawanyika kwa muda mrefu. Kundi moja, likiongozwa na mwanasaikolojia Craig Anderson, lilishikilia kwamba gemu za ukatili huongeza ukali wa mtu. Kundi jingine lilijibu kuwa ukali uliopimwa maabara, kama vile kumpigia mtu kelele kali masikioni kwa sekunde chache zaidi, hauna uhusiano na kumdunga mtu kisu mtaani. Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walichapisha utafiti juu ya vijana 1,004 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15. Hawakuwauliza vijana kama gemu zao ni za kikatili. Walitumia alama rasmi za umri zilizo kwenye makasha, na wazazi ndio walioeleza tabia za watoto wao. Hawakuona uhusiano kati ya gemu za ukatili na ukali wa kijana. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilirekebisha msimamo wake: kilisema kuna uhusiano mdogo na ukali wa kawaida kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuziunganisha gemu na uhalifu wa mabavu.

Tena Japani na Korea Kusini, mataifa yanayopenda gemu kupita kiasi, ni miongoni mwa nchi zenye mauaji machache zaidi duniani. Hilo peke yake halithibitishi kitu, maana nchi hutofautiana kwa mengi. Lakini kama damu ya kwenye kioo ingekuwa inazaa damu ya barabarani, Tokyo na Seoul zingekuwa zimeshatuonyesha.

Hii haina maana kwamba kila mchezo unamfaa kila mtoto. Mtoto wa miaka saba anayeona mtu akikatwa kichwa kwenye mchezo wenye alama ya 18 anaweza kuota vibaya kwa wiki nzima, na hiyo ni sababu tosha ya kumzuia. Ila tusimzuie kwa kudhani tunaokoa mji na muuaji wa kesho.

Faida, na mahali zinapokoma

Upande wa pili nao una chumvi nyingi. Kijana akitaka kumshawishi baba yake atasema gemu zinaongeza akili. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni mwembamba.

Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester walionyesha katika jarida la Nature kwamba wachezaji wa gemu za kasi huona vitu vingi kwa mpigo mmoja na kugawa macho yao vizuri zaidi. Ili kuondoa shaka kwamba labda wenye macho makali ndio wanaopenda gemu, waliwachukua watu wasiocheza, nusu wakapewa mchezo wa vita na nusu Tetris, saa moja kwa siku kwa siku 10. Waliocheza vita ndio walioendelea zaidi. Mwaka 2007 utafiti wa James Rosser na wenzake juu ya madaktari 33 ulionyesha kuwa wale waliowahi kucheza zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera na tundu dogo, na walimaliza mapema kwa asilimia 27. Ukitafakari, haishangazi: upasuaji huo ni kutazama kioo huku mikono ikiongoza vyuma usivyoviona moja kwa moja. Mwenye gemu ameshazoea.

Lakini kunoa jicho si kunoa akili yote. Anayecheza sana mchezo fulani huwa hodari wa mchezo huo na wa vitu vinavyofanana nao. Hesabu za darasani na ufahamu wa kusoma havifuati nyuma yake kama mkia. Kampuni ya Lumosity, iliyouza michezo ya kwenye intaneti kwa ahadi kwamba ingeongeza uwezo wa ubongo kazini na shuleni na kuchelewesha usahaulifu wa uzeeni, ilikubali mwaka 2016 kulipa dola milioni 2 baada ya Tume ya Biashara ya Marekani kuishtaki kwa kuwahadaa wateja.

Faida kubwa zaidi hupatikana pale mchezo ulipoundwa kwa kazi maalumu. Foldit, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Washington, huwapa wachezaji kazi ya kukunja maumbo ya protini kama fumbo. Mwaka 2011 wachezaji wake, wengi wao wasio wanasayansi, walipata kwa wiki tatu umbo la kimeng'enya cha kirusi kinachosababisha ugonjwa wa aina ya UKIMWI kwa nyani, umbo lililowashinda wataalamu kwa zaidi ya miaka 10.

Mfano wa karibu zaidi uko Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE, likishirikiana na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, liligawa vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 vya mkoa huo. Ndani yake kulikuwa na programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, nyingi zikiwa na sura ya mchezo: unagusa herufi, inatamka, unaipeleka mahali pake, unapigiwa makofi. Watoto wengi hawakuwahi kuingia darasani. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa mwaka 2019 kati ya timu mbili za watengenezaji, onebillion na Kitkit School. Nusu nyingine ya watoto walibaki hawajui kusoma, kwa hiyo kishikwambi hakijachukua kiti cha mwalimu. Lakini pale ambapo mwalimu hakuwepo kabisa, mchezo ulifundisha.

Vipi kuhusu raha tupu, ile ya kucheza bila kujifunza chochote? Hapa Japani ilitupatia bahati ya kiutafiti. Wakati wa janga la korona mashine za Nintendo Switch na PlayStation 5 ziliadimika hadi maduka yakaendesha bahati nasibu ya nani auziwe. Watafiti wakaona mwanya: kama kura ndiyo iliyoamua nani apate na nani akose, basi tofauti itakayoonekana baadaye imeletwa na gemu, haikuletwa na tabia ya mtu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, kutoka kwa watu zaidi ya 97,000, yalionyesha kuwa waliopata mashine walipungukiwa na msongo wa mawazo na kuridhika zaidi na maisha. Na faida hiyo ilianza kufifia kwa waliocheza zaidi ya saa tatu kwa siku.

Saa zilikwenda wapi

Hizo saa tatu ndizo zinazotufikisha kwenye gharama ya kweli. Gemu haihitaji kuwa na sumu ndani yake ili imdhuru mtu. Inatosha ikae juu ya kitu kingine.

Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua wa jambo hili ulitolewa mwaka 2010 na Robert Weis na Brittany Cerankosky. Walitafuta familia za Marekani zenye wavulana wa miaka 6 hadi 9 ambao hawakuwa na mashine ya gemu lakini wazazi walikuwa tayari kununua. Nusu walipewa PlayStation 2 papo hapo, nusu wakaahidiwa baada ya miezi minne. Ilipofika miezi minne, waliopewa mapema walikuwa nyuma katika kusoma na kuandika, na walimu wao waliona matatizo zaidi ya masomo darasani. Sababu ilikuwa nyepesi: muda wa baada ya shule, uliokuwa wa vitabu na kazi za nyumbani, ulimezwa na mchezo. Ubongo wa mtoto ulikuwa mzima. Kilichopotea ni jioni zake.

Usingizi ni jioni ya pili inayopotea. Banda la gemu hufungwa, mwenye banda akaenda kulala. Simu haifungwi. Kijana anayepambana kwenye Free Fire na PUBG Mobile chini ya shuka anaamka na macho mekundu, na mwalimu wa hesabu wa saa mbili asubuhi ndiye anayelipa deni hilo. Mwili nao una madai yake. Watoto wanaokaa nje muda mrefu, kwenye mwanga wa jua, wana hatari ndogo ya kupata tatizo la kutoona mbali. Kila saa ya kukodolea kioo kwa ndani ni saa iliyoibwa kwenye jua hilo. Na wapo wachache wenye kifafa ambao mwanga wa kumetameta unaweza kuwaamshia degedege. Kwao tahadhari iliyoandikwa mwanzoni mwa gemu si pambo.

Hata gemu zinazotaka kukuinua kitini hazidumu. Pokémon Go ilipotoka mwaka 2016 iliwafanya watu watembee wakisaka viumbe mitaani. Utafiti uliochapishwa na jarida la tiba la BMJ mwaka huohuo ulihesabu hatua 955 za ziada kwa siku katika wiki ya kwanza. Wiki ya sita, wachezaji walikuwa wamerudi kwenye hatua zao za kawaida.

Kuna wachache ambao kwao tatizo limevuka uzembe wa kawaida. Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake tatu ni za kukumbukwa: mtu hawezi kudhibiti lini aanze na lini aache, gemu imepanda juu ya mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 na iwe imevuruga kwa kiasi kikubwa familia, masomo au kazi. Mtoto anayekasirika akizimiwa runinga siku ya Jumamosi hajafika huko. Tena mara nyingi mtu aliyezama kwenye gemu alikuwa tayari na huzuni, upweke au vita nyumbani, na gemu ikawa pa kujificha. Ukimnyang'anya simu bila kuuliza anachokikimbia, umevunja mlango wa maficho tu. Kinachomfukuza bado kipo nje kinamsubiri.

Angalia tena dalili ya kwanza: kushindwa kuacha. Hilo ndilo jambo ambalo watengenezaji wa gemu za simu wamelisomea kwa miaka.

Duka ndani ya mchezo

Chukua bao la Kiswahili, lile la mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza hatua ya namua akiwa na kete 22 mkononi. Zikiisha, zimeisha, hakuna duka la kununua nyingine. Ukiishiwa kete mstari wa mbele umefungwa, wazee wa kibarazani watakucheka, na adhana ya magharibi itawainua wote. Bao linaweza kumpotezea mtu mchana mzima, wake wa wachezaji wanalijua hilo vizuri. Lakini halikutengenezwa na mtu anayepata faida kwa wewe kushindwa kuinuka.

Sasa chukua Candy Crush Saga, iliyotoka mwaka 2012. Ni ya bure. Unapewa nafsi tano. Ukishindwa, moja inakatika, na inarudi baada ya dakika 30. Zikiisha zote una njia chache: kusubiri, kuwaomba marafiki, au kulipa kidogo uendelee sasa hivi, wakati bado una hasira ya kukosa kwa pipi moja. Wengi hawalipi hata senti, lakini wachache wanaolipa wanatosha: mwaka 2016 kampuni ya King, mwenye mchezo huo wa bure, ilinunuliwa kwa dola bilioni 5.9.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner alishaieleza nguvu hii kabla simu za mkononi hazijazaliwa. Njiwa anayepata punje kila anapodonoa kitufe hudonoa akiwa na njaa tu. Njiwa anayepata punje mara moja moja, bila kujua ni donoo lipi litakalolipa, hudonoa bila kuchoka. Mashine za kamari zilijengwa juu ya elimu hiyo, na kwenye gemu imeingia kwa jina la makasha ya bahati: unalipa, kasha linafunguka kwa mbwembwe, na ndani waweza kukuta mchezaji wa dhahabu au takataka. Katika gemu za mpira za EA Sports, wachezaji huvinunulia vikosi vyao pakiti za kadi za namna hiyo. Tafiti kadhaa tangu 2018 zimeona kuwa wanaotumia fedha nyingi kwenye makasha hayo huwa pia na matatizo zaidi ya kamari. Yawezekana kasha linamfunza mtu kamari. Yawezekana mcheza kamari ndiye anayevutwa na kasha. Kwa vyovyote, mfuko unaochomolewa ni uleule.

Ubelgiji haikusubiri jibu. Mwaka 2018 tume yake ya michezo ya kubahatisha ilitamka kuwa makasha ya kulipia ni kamari isiyo na leseni, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti zile. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 huko Marekani. Kati yake milioni 275 zilikuwa faini ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na milioni 245 za kuwarudishia wateja walionaswa na vitufe vilivyopangwa ili mtu anunue bila kukusudia.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Sheria za Tanzania na za Kenya hazimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mtoto akikutwa kwenye mashine ya sarafu mtaani, mwenye mashine ana kesi ya kujibu. Lakini mtoto huyohuyo akifungua kasha la bahati kwenye simu ya mama, iliyounganishwa na fedha za simu, hakuna askari wala mjumbe anayepita hapo. Na kila kasha ni la bei ndogo. Wahenga walishasema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa miaka tumekesha mlangoni tukiizuia damu isiingie, na mwizi alipita dirisha la malipo.

Amri za saa

Serikali nyingine zimejaribu kuupa mchezo mwisho kwa nguvu. Korea Kusini ilitunga sheria iliyoanza mwaka 2011: aliye chini ya miaka 16 asicheze gemu za mtandaoni kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Vijana walitumia vitambulisho vya wazazi wao, kisha wakahamia kwenye simu, ambazo sheria haikuzigusa. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kuifuta.

China ilikaza zaidi. Mwaka 2019 iliwawekea watoto dakika 90 kwa siku za kawaida, na Agosti 2021 ikapunguza hadi saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulichambua mabilioni ya saa za uchezaji kabla na baada ya ile amri ya 2019, na haukupata ushahidi kwamba uchezaji wa kupindukia ulipungua.

Ukiziweka Korea, China na Ubelgiji pamoja, somo linajitokeza. Waliomfuata mchezaji na saa ya mkononi walipitwa. Aliyemfuata muuzaji alibadilisha bidhaa yenyewe. Bodi zetu za michezo ya kubahatisha na mamlaka za mawasiliano zina cha kuiga hapo, kabla hazijashawishika kufunga mabanda ya gemu, ambayo yana ubaya wake lakini angalau yana mtu mzima mlangoni anayesema, "Muda umeisha, dogo."

Je, ni kazi?

Swali jingine la wazazi ni kama mtoto anaweza kuishi kwa gemu. Wapo. Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani kucheza Tekken. Upande wa utengenezaji, Andrew Kaggia wa Kenya alitoa mwaka 2015 Nairobi X, ambamo jiji hilo linavamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Mcheza kwao hutunzwa, na inapendeza mtoto wa Kiafrika kuona barabara anazozijua ndani ya mchezo.

Lakini wanaolipwa kwa kucheza ni wachache kama wanaolipwa kwa kupiga mpira Ulaya, na mazoezi yao ni ya ratiba na kocha, hayafanani na kukesha. Mlango mpana zaidi uko nyuma ya kioo: kuandika programu, kuchora, kutunga hadithi, kutia sauti za Kiswahili. Mtoto anayeuliza gemu imetengenezwaje ana nafasi nzuri kuliko anayeuliza atapandaje daraja.

Swali la kuuliza

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa ukatili, gemu zimesingiziwa. Kwa akili, zimesifiwa kupita haki. Kwa watu wengi wanaocheza kwa kiasi ni raha ya kawaida, pengine yenye kheri kidogo. Hatari iko mahali pawili: pale zinapokalia masomo na usingizi, na pale zilipotengenezwa makusudi zisikome ili ziendelee kuuza. Mechi ya banda, kishikwambi cha Tanga na bao la kibarazani viko upande mmoja wa mstari. Pipi zisizoisha na makasha ya bahati viko upande wa pili.

Kwa mzazi, hilo linageuka kuwa mambo ya kufanya. Ondoa namba ya siri ya malipo kwenye simu anayoishika mtoto. Simu zote, pamoja na yako, zilale sebuleni. Ukitaka aache, mpe mwisho wa mchezo badala ya dakika: "Maliza mechi hii, baba, kisha uje kula." Mechi nyingi za mtandaoni haziwezi kusimamishwa katikati, na ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia kwa mzazi asiyelijua hilo.

Na mara moja, kabla hujaamua lolote, keti naye umwombe padi. Utafungwa, utachekwa, si neno. Kisha mwulize: "Huu mchezo unaishaje?" Akikueleza, mwache acheze hadi mwisho huo. Akibaki anakutazama bila jibu, ufute kwenye simu siku hiyohiyo.